Cheka Kwanza, Utalia Ukizima: Mwongozo wa Kazi ya Laivu

Hongera kwa uamuzi wako. Umechoka na kazi inayolipa mwisho wa mwezi, sasa unataka inayolipa kwa maua ya waridi. Waridi moja la TikTok, zawadi ya kwenye kioo, mtazamaji hulituma kwa sarafu moja. Kampuni ikishakata fungu lake, ambalo huwa karibu nusu, kinachobaki kwako hakifiki hata shilingi moja ya Kenya. Kwa pesa ya Tanzania ni shilingi kumi na kitu, kiasi ambacho Mangi wa dukani hana hata droo ya kukiwekea. Usikate tamaa. Utajiri wa laivu, kama watakavyokuambia wanaouza kozi za utajiri wa laivu, ni suala la nidhamu, na mwongozo huu utakupa nidhamu yote unayohitaji ili uchakae kwa utaratibu.

Mahitaji

Simu. Moja tu, ileile anayokupigia mama yako. Umuhimu wake utauona kwenye hatua ya tano.

Taa ya duara. Ichukue kwa mkopo wa kausha damu, ule wa marejesho ya kila wiki. Unapoanza kazi ni vyema kuwa na mtu anayekusubiri mlangoni, huongeza bidii.

Ukuta. Si lazima nyumba nzima ipendeze. Paka rangi ukuta mmoja, bandika maua ya plastiki, tandika zulia la manyoya mpaka pale kamera inapoishia. Ndoo, jiko la mkaa na mtoto anayefanya homuweki vikae upande wa pili, navyo visitoe sauti.

Bando. La usiku, maana wateja wako hawalali.

Wafuasi 1,000 kwa kawaida, na umri wa miaka 18. Hadi Novemba 2022 TikTok iliruhusu laivu kuanzia miaka 16, kisha ikapandisha umri. Kampuni iliona kwamba kazi hii haiwafai watoto. Kuhusu watu wazima haikusema kitu.

Chawa wawili. Kazi yao ni kuandika "malkia" kila baada ya dakika moja, na kumtukana kwa niaba yako yeyote atakayeuliza kwa nini wigi limekaa upande.

Mwisho, uso. Huo ulio nao unatosha, mradi uwe tayari usionyeshe habari zako.

Hatua ya kwanza: Hamisha ujuzi wako

Washauri wa ajira hupenda kusema kwamba mfanyakazi wa leo lazima ajue kubadilika. Wewe umeshabadilika, ila hujajua tu. Kama ulikuwa mwalimu, una uzoefu wa kuongea saa nyingi mbele ya watu wasiosikiliza. Kama ulikuwa mshereheshaji wa harusi, unajua kutaja majina ya waliochanga kwa heshima inayolingana na kiasi walichotoa. Kama ulikuwa msusi, umesikiliza ndoa za watu miaka mingi huku mikono ikifanya kazi na uso ukionyesha mshangao pale panapotakiwa. Na kama ulikuwa konda wa daladala, wewe unaanza ukiwa umeshahitimu: sauti unayo, matusi umeyazoea, tena unajua kuita watu waingie kwenye gari tupu kana kwamba limebakiza siti moja.

Mfano wa kuigwa ni Mchina mmoja, Dong Yuhui. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika kampuni ya tuisheni ya New Oriental. Mwaka 2021 serikali ya China ikabana tuisheni za kibiashara za masomo ya shule, na mwanzilishi wa kampuni, Yu Minhong, baadaye akatangaza kwamba wafanyakazi 60,000 wamepunguzwa. Baadhi ya walimu waliobaki wakawekwa mbele ya kamera kuuza vyakula. Juni 2022 Dong akavuma nchi nzima: anauza nyama, anageukia ubao mdogo mweupe, anafundisha neno la Kiingereza, anachomeka ushairi, anarudi kwenye nyama.

Hadithi hii isome mpaka hapo, kisha funga. Ukiendelea utafika Desemba 2023, ulipozuka ugomvi kuhusu nani hasa huyaandika maneno matamu anayoyasema. Mashabiki wakachachamaa, mkurugenzi mtendaji wa kampuni tanzu ile ya mauzo akaondolewa, na Julai 2024 Dong mwenyewe akatoka na kwenda kusimama na kampuni yake. Mambo ya namna hiyo huvunja moyo wanaoanza. Wala usijisumbue kukumbuka kwamba nyuma yake walikuwapo wenye maghala, wanunuzi na wahasibu, wakati nyuma yako kuna ule ukuta na shemeji mwenye bodaboda.

Mwezi huohuo wa Julai 2024 China iliiingiza kazi ya mtangazaji wa laivu katika orodha rasmi ya kazi za nchi. Kwako mambo yatabaki palepale. Ukijaza fomu ya benki utaandika "mjasiriamali". Na jirani akimuuliza mama yako siku hizi unafanya nini, atasema, "Yupo tu, anachezea simu," hata siku ambayo simu hiyo ndiyo iliyonunua unga.

Hatua ya pili: Jua unachouza

Wanaoanza hudhani wanauza nyimbo, ushauri wa ndoa au magauni. Kabla hujadhani hivyo, mwangalie dada wa mitumba wa Kariakoo akifungua robota laivu. Ananyanyua gauni, analizungusha mbele ya kamera, anavuta mshono kuonyesha haujaachia. "Gredi ya kwanza mashosti zangu, haina doa, haina tundu, kifua inaingia mpaka arobaini, elfu kumi na mbili tu, nani anaichukua? Andika yangu!" Watu kadhaa wanaandika yangu. Wa kwanza hapokei simu. Wa pili anauliza kama ipo ya bluu. Wa tatu yuko Mwanza, atalipa mzigo ukifika. Anaingia mwingine anaandika "bei?" Bei imeshatajwa, tena imebandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu, nyuma tu ya kichwa chake. Anaitaja upya kwa mahadhi yaleyale, anamwita muulizaji kwa jina, anamwambia karibu mpenzi wangu.

Ikifika saa ya tatu ya kuongea, sauti imekwaruza. Sasa itazame midomo. Anainama kutafuta gauni jingine, amekwepa kamera nusu, hakuna wa kumfurahisha kule chini, na bado meno yako nje. Mashavu yamesahau njia ya kurudi.

Gauni lile angeliuza hata akiwa amenuna, kama walivyoliuza mama zake pale soko la Karume miaka yote. Laivuni anauza subira, na gauni ni kisingizio cha kukutana. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1983 aliandika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, watu wanaolipwa kusukuma kitoroli na, juu ya hapo, kutabasamu kama vile tabasamu limetoka moyoni lenyewe. Akaiita kazi ya hisia. Lakini mhudumu wa ndege ana bahati moja ambayo wewe huna: ndege hutua.

Bei za sokoni kwa sasa ni kama ifuatavyo.

Furaha hulipa waridi kwa waridi. Ni bidhaa ya kila siku, haina faida kubwa, na ghala lake huisha kabla ya wateja.

Hasira huleta umati. Ukitoa povu dhidi ya shosti wako wa zamani, watazamaji watamiminika kwa dakika chache, watarekodi, wataondoka bila kutuma kitu. Povu litakauka, video itabaki.

Huzuni hulipa vizuri sana mara ya kwanza. Mara ya pili wataanza kuulizana kama ni kiki. Mara ya tatu uwe umefiwa kweli, hawataamini.

Mapenzi yana bei ya juu kuliko zote, ndiyo maana yamepewa hatua yake.

Utulivu hauna soko. Ukijisikia mtulivu, usiingie laivu siku hiyo.

Hatua ya tatu: Piga mechi

Kioo kinagawanywa mara mbili, upande huu wewe, upande ule mpinzani, na kwa kawaida mnapewa dakika tano. Kazi yako ni kupiga kelele. "Gonga gonga kioo! Familia mko wapi? Wanatupita jamani, wanatupita!" Kazi ya watazamaji ni kutuma zawadi ili mstari wenu usukume mstari wa wenzenu. Ukubwa wa zawadi unajulikana: waridi ni sarafu 1, simba ni sarafu 29,999. Simba akinguruma kwenye kioo chako, aliyemtuma ametoa mamia ya dola kwa ajili ya mnyama asiyekaa hata nusu dakika, na wewe una wajibu wa kupiga magoti, kushika kichwa na kuzunguka chumba kizima bila kugonga jiko.

Anayeshindwa hupewa adhabu. Atajipaka unga usoni, atajichora masharubu kwa lipstiki, au ataruka kichura kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Kwa njia hii mtu mwenye stashahada ya uhasibu anaweza kujikuta saa nane usiku anaruka kichura kwa sababu mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, amesinzia kabla hajabonyeza simba.

Jifunze kushindwa huku unacheka. Mchokoze mpinzani, mtukane kidogo, mwambie tutakutana kesho, kisha mwandikie inbox umuulize kama mgongo umepona. Mtakuwa marafiki wa kweli, maana hakuna mwingine duniani anayeelewa mnachopitia. Msipoteze muda kubishana nani kashinda mara nyingi. Zawadi za pande zote mbili hupita kwenye mfuko mmoja kabla ya kuwafikia. Mshindi wa kila mechi ni yuleyule, naye hajawahi kuruka kichura.

Hatua ya nne: Mlee mtoaji wako mkuu

Kila laivu ina mtu mmoja anayeibeba. Akaunti yake haina video hata moja, jina lake lina cheo cha kifalme, picha yake ni simba au gari jeusi. Mwite bosi. Mwite mkubwa. Akiingia, simamisha chochote unachosema, hata kama ni ushauri kwa mtu aliyesema anataka kufa. Huyo hajatuma kitu.

Wengine walioko ndani usiku huo wajue kwa makundi. Yupo dada wa kazi Muscat aliyemaliza vyombo vya wageni na sasa amejifunika shuka, mwanga wa simu usionekane chini ya mlango. Yupo mlinzi wa ghala Dubai. Yupo mtunza wazee Minnesota, kwake bado ni jioni, mzee wake amelala na televisheni imewashwa. Wamekuja kutafuta kitu kimoja ambacho hakipatikani kazini kwao: mtu wa kuwaita kwa jina, kwa Kiswahili, na kuwauliza wamekula nini.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni wanaojiona marafiki wa mtangazaji asiyewafahamu. Urafiki wa upande mmoja, kwa ufupi. Mtangazaji wa enzi hizo alisema usiku mwema, akavaa koti, akaenda kwake, urafiki ukabaki studio. Wewe umeletewa maendeleo: rafiki yako anaweza kujibu, na jibu lake lina sarafu ndani.

Kanuni za malezi ni nne.

Mtaje kabla hajajuta kwamba amebonyeza.

Kumbuka mambo yake: presha ya mama yake, jina la msimamizi anayemsumbua, tarehe ya likizo iliyoahirishwa. Andika kwenye daftari kama ni lazima. Ya mume wako unaweza kuyasahau, yeye hatumi.

Kama una mume, ni kaka. Kama anaonekana kwenye kamera mara kwa mara, ni kaka ambaye pia ni admini.

Kubali kumilikiwa taratibu. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Jana ulimtaja sana yule wa Riyadh."

"Hapana bosi wangu, wewe ndiye namba moja, wote wanajua."

"Basi mtoe."

Utamtoa. Wiki hiyo utakula vizuri. Kisha bosi atatoweka siku mbili bila kuaga, na utajikuta unafungua akaunti yake kila baada ya muda mfupi, tumbo limekaza, unajiuliza kama anaumwa. Hutajua kama unamhofia yeye au unazihofia sarafu. Usichunguze. Watu wengi wa laivu wameharibikiwa na swali hilo. Majibu yake yote mawili ni mabaya: ukigundua ni sarafu, utajichukia, ukigundua ni yeye, ujue umempenda mtu ambaye hujawahi kumwona uso, na kesho utamkuta kwa mpinzani wako anagonga kioo.

Hatua ya tano: Habari za nyumbani

Hapa ndipo simu moja inapoonyesha faida zake. Mtu akikupigia ukiwa katikati ya mechi, picha inaweza kuganda, watazamaji wataona umekimbia, pointi zitapotea. Kwa hiyo washa "usisumbue" na utulie. Shangazi atapiga. Atapiga tena. Atapiga kwa namba ya jirani. Hutaona chochote mpaka binamu, ambaye huwa anakutazama bila kukufuata, aandike katikati ya vikopa na alama za moto: "Pole dada, tumepokea kwa masikitiko."

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuzima. Ni ya kibinadamu, na mwongozo huu hauishughulikii. Ya pili ni kuendelea kucheka mpaka mechi iishe, ukijiambia kwamba aliyekufa ameshakufa, dakika mbili hazitamwongezea wala kumpunguzia. Wanaoifuata njia hii husema kitu cha ajabu ni jinsi ilivyo rahisi; mashavu yanajua kazi yao, hayamsubiri mwenyewe. Ya tatu ni kulia palepale. Zawadi zitamiminika, na nyingine zitakuwa za huruma safi kabisa kutoka kwa watu wasio na kitu, akiwemo yule dada wa Muscat aliyetuma waridi lake la mwisho.

Faini ya njia ya tatu hulipwa baadaye. Utafika msibani, utaingia ndani kwa wafiwa, utaanza kulia kwa machozi yako halisi, na wapo watakaoinua macho kuangalia umeiegesha wapi simu.

Hatua ya sita: Iangalie ile namba

Juu kwenye kona kuna namba ya waliomo ndani. Hayo ndiyo mapigo ya moyo wako mpya. Ikipanda unapanda, ikishuka unajiuliza umesema nini. Ulikuwa na watu 214, ukanyamaza kidogo unywe maji, ukarudi wapo 190. Maji hayo usiyarudie. Usiku wa manane watabaki 9, wawili kati yao chawa wako, mmoja mdogo wako anayekutazama kutoka chumba cha pili ili ujisikie vizuri. Waambie tisa hao, "Tumejaa leo, Mungu ni mwema."

Matusi yatakuja, na mwongozo mbaya ungekuambia uyapuuze. Sisi tunakushauri ufanye kama kila mtu: wakutumie sifa mia, usahau zote, ulale na komenti moja iliyoandikwa na mtoto wa sekondari kwamba umezeeka. Ukizima saa tisa usiku, chumba kitakuwa kimya kiasi cha kusikia friji. Usingizi hautakuja, kwa sababu mwili umezimwa taa lakini haujaambiwa onyesho limekwisha. Utashika simu uangalie wengine walioko laivu. Hiyo inahesabiwa kuwa utafiti.

Mchana athari zitaingia ndani ya familia kwa njia nyepesinyepesi. Mtoto atakuletea mchoro aliouchora shuleni, nyumba yenye jua pembeni na mtu mwenye nywele ndefu ambaye ni wewe. Utasema, "Waaaoo, jamani, asante sana mpenzi wangu, Mungu akubariki!" kwa sauti kubwa na mikono juu. Atasubiri kidogo aone kama utauangalia. Kisha atauchukua mchoro wake aende nao.

Hatua ya saba: Piga hesabu

Hatua hii ni fupi, kama yatakavyokuwa mapato. Toa fungu la kampuni. Toa ada ya kuhamisha pesa na hasara ya kubadilisha dola. Ukiwa Kenya, kumbuka kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali. Serikali ilikuwa ya kwanza kuamini kwamba kazi hii ni kazi, hata kabla ya mama yako. Toa bando. Toa posho ya chawa. Toa rejesho la kausha damu, ambaye hapokei waridi. Kinachobaki kigawanye kwa saa ulizokaa kwenye kiti, pamoja na saa za kulala ulizolala macho.

Halafu kuna safu ya hesabu isiyojazwa popote. Kampuni hukata karibu nusu ya kila zawadi kwa sababu, inasemekana, kazi mnaifanya wote wawili: wewe unaleta uso, yenyewe inaleta jukwaa. Lakini uchovu haikati hata asilimia moja. Aibu ya kichura, wivu wa bosi, tusi la mtoto wa sekondari, msiba uliochezewa mechi: vyote hivyo unaachiwa mzima mzima, bila makato, bila kodi ya zuio, uende navyo nyumbani. Hakuna mapato mengine duniani utakayoyapokea kwa ukamilifu namna hiyo.

Hatua ya nane: Staafu

Kustaafu ndiyo siku yenye mapato makubwa, kwa hiyo staafu mara kwa mara. Tangaza siku tatu kabla. Vaa nyeupe. Sema unaacha kwa ajili ya afya yako ya akili, na uzuri ni kwamba utakuwa husemi uongo. Watu waliokutukana mwaka mzima watatuma zawadi, wapinzani watapanda juu walie nawe, bosi aliyehama atarudi na simba. Kwa sababu ya mapenzi hayo makubwa, utalazimika kurudi Jumatatu.

Angalizo: wasiofuata mwongozo

Wapo watu wa laivu wasio na malengo, na ni haki msomaji uwajue ili uwaepuke. Wanafungua saa fulani na kufunga saa fulani, hata kama namba inapanda, kwa ukatili uleule wa Mangi anayevuta geti wakati mteja anakimbia kutoka kona. Hawakuacha cherehani, saluni wala vipindi vyao vya kufundisha. Laivu wameiweka pembeni ya kazi, na mwezi mbaya unapokuja wanaudhika tu, hawavunjiki. Wamenunua simu ya pili, kitochi cha bei ya chini, namba yake wanaijua watu wachache wa damu. Msiba, ndoa na watoto hawavileti kwenye kioo, hata wakiombwa kwa simba. Na kila mmoja ana mtu mmoja, shosti, dada au mpinzani wake wa mechi, ambaye mbele yake huruhusiwa kununa saa nzima bila kuulizwa kulikoni.

Hawa hawatrendi. Zawadi zao ni za kawaida, chawa hawakai kwao kwa sababu hakuna ugomvi wa kuupigania. Miaka inapita, unawakuta bado wapo, wananenepa taratibu, wanauza magauni yao. Soko halijui liwafanye nini.

Maswali yanayoulizwa sana inbox

Nimemwambia mchumba wangu kwamba ni kazi tu. Kwa nini ananuna? Kwa sababu anakusikia ukimwambia mtu mwingine maneno aliyodhani ni yake, tena kwa sauti nzuri zaidi. Mwambie aanze kutuma zawadi.

Je, nimwone mshauri nasaha? Ndiyo, ila usimwalike apande juu.

Nimejaribu yote, sina wafuasi, sina taa, kausha damu yupo mlangoni. Nifanyeje? Ipo nafasi moja ya laivu ambayo haijawahi kujaa, haitaki ukuta, taa wala tabasamu, na hakuna atakayekuuliza kama una uzoefu. Ni ya mtazamaji. Masharti yake ni rahisi: unafanya kazi usiku kucha, na mwisho wa mwezi wewe ndiye unayelipa.